Pua ya Mama Ryan

Jina langu ni Mildred, lakini hapa mtaani Soweto East, Nairobi, kila mtu ananiita Mama Ryan. Nauza samaki wa kukaanga. Asubuhi naenda soko la samaki, narudi na ndoo, natoa magamba, nawasha jiko. Mafundi na vibarua wa mjengo wakitoka kazini jioni, wananikuta tayari. Mume wangu, Oloo, husema naongea na mafuta kuliko ninavyoongea na yeye. Hajakosea sana.

Kwa miaka sita nilikuwa peke yangu kwenye njia hii. Halafu akaja Nasike.

Aliweka kibanda ng'ambo ya njia, mbele yangu kabisa. Samaki kama wangu. Jiko kama langu. Hata kitambaa cha meza alichagua cha bluu kama changu! Siku ya kwanza alinisalimia, "Sasa, Mama Ryan?" Nikajibu, "Fiti." Lakini moyoni nilikuwa nishaanza kuchemka. Mimi nina wivu, sitaficha.

Mwanzoni wateja walibaki wangu. Kisha mwezi wa nne, kwenye mvua, nikashikwa na homa mbaya ya mafua. Nililala siku tano. Niliporudi kazini, mambo yakaanza kuharibika polepole. Mteja alifika kwangu, akasimama kidogo, akakunja uso, akavuka kwa Nasike. Kesho yake wakavuka wawili. Nilimjua kila mmoja aliyevuka, na kila mmoja aliniuma.

Hata nyumbani chakula hakikuwa na raha. Niliongeza chumvi, nikaongeza pilipili.

"Siku hizi hata nyanya hazina ladha," nilimwambia Oloo.

"Nyanya ziko sawa," akasema. "Ni wewe unatuua na chumvi."

Nikaona hata yeye amegeuzwa upande wa Nasike.

Ijumaa moja akaja Mzee Gikonyo. Ana ploti ya nyumba za kupangisha huko Kabiro, Kawangware, lakini kila Ijumaa ana shughuli upande huu, na hapiti bila kununua samaki wangu. Akamega kipande, akatia mdomoni. Akakitema.

"Mama Ryan, hii samaki imeharibika."

"Mzee, nimenunua leo asubuhi! Nimenusa mmoja mmoja."

"Basi nusa tena."

Nikanusa. Sikupata harufu mbaya hata kidogo. Mzee akatikisa kichwa, akavuka njia. Nilimwona akicheka na Nasike huku anafungiwa samaki wawili wakubwa. Jamani, niliumia. Nikajiambia, huyu mwanamke ana dawa. Haiwezekani ikawa hivi hivi tu.

Kesho yake nilitoka sokoni mapema. Nikamkuta Nasike ameinama mbele ya kibanda changu, anamwaga kitu cha kijivu kwenye mtaro wangu. Niliweka ndoo chini kwa kishindo.

"Wewe! Unamwaga nini kwangu?"

"Ni jivu tu, Mama Ryan."

"Jivu la mganga gani? Umemaliza wateja wangu, sasa unanitegea dawa mlangoni!"

Watu wakasimama. Nilitaka wasimame. Nasike alikuwa na mkebe mkononi, macho yamejaa machozi.

"Mtaro wako unanuka," akasema. "Hata wateja wangu wanalalamika. Niliogopa kukuambia, wewe hunisalimii vizuri. Nikaona nifunike tu."

"Unanuka? Mimi nashinda hapa kutwa nzima na sijasikia harufu yoyote!"

Kati ya wale waliosimama alikuwa Bridgit, mhudumu wetu wa afya ya jamii. Ndiye hutembea nyumba kwa nyumba na begi lake, na anajua kila mtoto ambaye hajachanjwa. Bridgit alikuwa ameziba pua kwa leso.

"Mama Ryan," akasema taratibu, "husikii hii harufu kweli?"

"Harufu gani?"

Akanishika mkono, akaniingiza kibandani, akanikalisha kwenye kigoda. "Funga macho. Nitaweka vitu karibu na pua yako. Uniambie ni nini."

Nikafunga macho. Nikangoja. Nikangoja tena.

"Weka basi," nikasema. "Nina kazi."

"Nimeshaweka vitu vitatu," akasema Bridgit.

Nilifungua macho. Mkononi mwake kulikuwa na kitunguu kilichokatwa. Mezani kulikuwa na kahawa na kitambaa chenye mafuta ya taa. Nilivinusa vyote macho wazi, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu.

"Ulipougua mwezi wa nne," Bridgit akauliza, "ulinusa vizuri baadaye?"

"Sijui. Nilidhani nimepona."

"Wengi hawajui. Mtu akipofuka anajua siku hiyo hiyo. Pua inaweza kuzima na mtu asigundue, kwa sababu ubongo una kumbukumbu. Unaona samaki, ubongo unakumbuka harufu ya samaki, unadhani umeinusa."

"Lakini naonja chumvi! Naonja pilipili!"

"Chumvi, sukari, uchungu na ukali wa ndimu, hizo ni kazi za ulimi. Pilipili inauma tu. Ladha nyingine nyingi hutoka puani. Ndiyo maana nyanya zimekuwa kama maji. Sasa niambie, sokoni unachaguaje samaki?"

"Kama mama yangu alivyonifundisha. Nanusa penye mashavu. Asiponuka, ni mzuri."

Niliposema hivyo nikaelewa. Kwa pua yangu, samaki wote wa Nairobi walikuwa wazuri! Wiki nyingi nilikuwa nikichagua walioharibika na kuwasifu. Nikafikiria watoto wa watu waliokula kwangu. Nililia mbele ya Bridgit bila aibu.

"Itarudi?" nikauliza.

"Mara nyingi hurudi, lakini polepole, na siwezi kukuahidi. Kwanza twende kliniki wakuangalie. Halafu uifundishe pua. Chukua vitu vinne vyenye harufu kali: limau, karafuu, kahawa, tangawizi. Asubuhi na jioni, nusa kila kimoja kwa utulivu, kama sekunde ishirini. Huku ukinusa, kumbuka kilivyokuwa kikinukia zamani. Endelea miezi kadhaa, usichoke. Na nyumbani muwe waangalifu na gesi. Ikivuja, wewe hutajua. Oloo awe anakagua mtungi."

"Na samaki?"

"Tumia macho na mkono. Jicho la samaki ling'ae, mashavu ndani yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Kisha tafuta mtu mwenye pua nzima akunusie kabla hujakaanga."

"Nani? Oloo huwa kazini."

Bridgit aligeuza kichwa. Aliangalia ng'ambo ya njia.

"Yule? Heri nifunge kibanda!"

Nilikifunga, siku mbili. Siku ya tatu niliona wateja wangu wa zamani wamejipanga kwa Nasike, na wivu ukaishinda aibu. Nikanunua samaki kwa macho na kidole, nikabeba karai mpaka kwake.

"Nasike," nikasema nikiangalia chini, "nilikuita mchawi. Nilikosea. Pua yangu imekufa. Ninusie hawa."

Nilitegemea anicheke. Aliweka mwiko chini, akanusa mmoja mmoja. "Hawa wako sawa. Huyu tupa. Na huyu."

Nikashuku. Labda ananitupisha wazuri! Nilimrudisha mmoja katikati ya wenzake kwa siri nikamwambia arudie. Akamtoa yule yule.

"Huyu nimeshamkataa, Mama Ryan," akasema. "Unanipima?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Basi ikawa hivyo kila siku. Mtaro nikausafisha kwa maji na sabuni. Asubuhi na jioni nilikaa na limau, karafuu, kahawa na tangawizi, Oloo akinitania kwamba nimefungua duka la viungo puani. Wiki zikapita bila kitu. Wateja walianza kurudi, na Mzee Gikonyo akawa ananunua mmoja kwangu na mmoja kwake. Sitasema wivu uliisha. Nasike akiuza haraka kuliko mimi, bado nahesabu wateja wake mmoja mmoja.

Mwezi wa nane, jioni moja, Nasike alikuwa kwangu, pua yake ndani ya karai langu, akininusia samaki wa mwisho. Sote wawili tulikuwa tumekipa kibanda chake mgongo. Ghafla kitu kikali kikanipiga puani. Sikukielewa. Nikavuta pumzi tena. Ni moshi. Ni mafuta yanayoungua, yanatoka ng'ambo ya njia.

Nakiri, kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilifikiria kunyamaza. Wateja walikuwa wengi jioni hiyo.

"Nasike!" nikapiga kelele. "Samaki wako wanaungua!"

Alikimbia, akatoa karai motoni. Kisha akasimama katikati ya njia, mwiko mkononi, akanigeukia.

"Mama Ryan," akasema, "umejuaje?"