Yule wa Ndani ya Miwani

Asubuhi moja mke wa fundi saa alikuwa akibadilisha foronya alipokuta mto wa mumewe unanuka mafuta ya nywele. Akaunusa mara ya pili. Yalikuwa yale mafuta ya kijani yaliyouzwa kwenye vikopo vya bati wakati yeye ni msichana, na kiwanda chake kilikufa zamani, kabla yeye hajaota mvi hata moja. Sasa nywele zake alizikata fupi na hakuzipaka kitu. Akasimama na ule mto mkononi. Kwanza alishikwa na wivu. Hofu ilikuja baadaye.

Mumewe hakuwa mtu wa wanawake. Miaka thelathini na minne alikaa kwenye meza ya dirishani, lenzi jichoni, akifufua saa za watu, na utani wake ulikuwa huo huo mmoja, kwamba mtaa mzima yeye peke yake ndiye analipwa kwa kupoteza muda. Yeye alimwita mkewe Chiriku, kwa kuwa tangu walipokutana mdomo wa mkewe haukutulia. Lakini mwaka ule Fundi alianza kusogea kwenye benchi kumpisha mtu asiyeonekana, na kucheka chini chini, kama kijana anayenong'onezewa maneno matamu. Kisha akaacha kula. Alisukuma sahani, akamkodolea mkewe macho kama anayekagua saa ya bandia iliyoletwa dukani.

"Wewe nani?"

"Mimi Chiriku wako, baba."

"Chiriku yuko hapa," akasema, akigusa hewa karibu na bega lake. "Ananiambia umemwibia nyumba yake."

Wiki iliyofuata mkewe aligeuka kutoka jikoni akamkuta amesimama nyuma yake, bisibisi nyembamba ya kazi mkononi, machozi yanamchuruzika.

"Anasema nikikukwangua uso nitamkuta chini," akanong'ona. Bisibisi ikamponyoka. Siku hiyo hiyo mkewe akampeleka hospitali.

Daktari wa akili alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Alieleza kwamba ugonjwa unaitwa skizofrenia, unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kwamba una dawa, na kwamba si laana wala aibu. Dawa zilituliza mikono ya Fundi. Sauti hazikuigusa.

Ndipo daktari akawaingiza kwenye chumba kidogo chenye miwani mikubwa myeusi, ambayo ukiivaa unajiona uko mahali pengine kabisa. Kwanza alitaka kupima. Ndani ya miwani palikuwa na ukumbi wenye watu sita wa kompyuta, wamekaa tu, hawana neno na mtu. Mgonjwa anaulizwa kama anahisi wanamsema.

"Hawana shida," Fundi alisema. "Wote saba wapole."

"Sita, mzee."

"Saba. Na yule wa nyuma."

Daktari akaandika, akasema hayo ndiyo wanayoyapima. Lakini mke wa Fundi alimwona akihesabu upya kwenye skrini, kwa ncha ya kidole, polepole.

Tiba yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa anaeleza sauti yake ina sura gani, daktari anaichora kwa kompyuta. Kisha daktari anakaa chumba cha pili na kipaza sauti, anaisemea ile sura, mashine inabadilisha sauti yake. Mgonjwa anaikabili, anaijibu, mpaka ajue kwamba yeye ndiye mwenye amri.

"Na mwisho wake?" mke wa Fundi aliuliza.

"Mwisho anaiambia iondoke, mama. Na mara nyingi inaondoka."

Uchoraji ulichukua siku tatu. Ulipokwisha daktari alimwita mama aone, naye akashika ukingo wa meza. Kwenye skrini alikaa msichana wa miaka kumi na tisa, gauni la bluu, mwanya katikati ya meno, nywele zinang'aa mafuta.

"Huyu ni mimi," akasema.

Daktari alimtazama mama, akarudi kwenye skrini. "Basi ni kumbukumbu tu. Ubongo huchukua kilichopo."

Vikao vitatu vya kwanza vilikwenda vizuri. Mama alikaa kando ya daktari, akasikia mumewe akimjibu yule msichana, kwa woga mwanzoni, kisha kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake. Katika kikao cha nne daktari alisogeza mdomo kutoka kwenye kipaza sauti ili anywe maji, na midomo ya msichana ikaendelea kusema.

Mama alidhani macho yanamdanganya, mpaka alipoona glasi imesimama hewani mkononi mwa daktari na mkono wa pili unabonyeza kitufe cha kuzima, mara moja, mara mbili, kisha unachomoa waya ukutani, na sauti ile nyembamba ya kisichana bado inatoka kwenye spika ambayo haikuwa na umeme, huku harufu ya mafuta ya nywele ikijaa chumba kile kisicho na dirisha, nzito, tamu, inakaa kooni.

"Mwanangu, unaisikia?"

"Naisikia," daktari alinong'ona.

Yule msichana alimwacha Fundi, akageuza shingo, akamtazama mama moja kwa moja kupitia skrini.

"Wewe umezeeka," alisema bila hasira. "Alinipenda mimi, wewe umerithi tu. Mkinifukuza nitakwenda, sing'ang'anii. Ila nitaondoka na changu."

Daktari alikuwa amesimama, mgongo ukutani. "Tuache, mama. Hili sikufundishwa."

Mama aliitazama mikono ya mumewe kwenye skrini nyingine, ile iliyoonyesha chumba alimokaa, jinsi mifupa ilivyojitokeza. Kijiko cha mwisho cha chakula alikila juzi. Alijua akirudi nyumbani na huyu katikati yao, mmoja wao hatamaliza mwezi. Alijua pia, kwa namna ambayo hakutaka kuijua, msichana yule alimaanisha nini aliposema changu. Akafungua mlango, akaingia alikokaa mumewe na miwani yake usoni, akapiga magoti, akamshika mkono.

"Mwambie aondoke."

"Siwezi," Fundi alisema. "Ni mke wangu."

"Najua."

"Ananitazama. Amevaa lile gauni la bluu."

"Nalikumbuka. Mwambie aondoke, mume wangu."

Machozi yalipita chini ya miwani, yakamfika kidevuni. "Halafu mimi nitabaki na nani?"

"Utabaki na mimi."

Fundi aligeuza uso kule alikomwona msichana. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemwaga maji aliyoyateka kwa tabu: "Nenda. Sikutaki tena." Na mkewe, aliyepiga magoti pale sakafuni, aliyapokea maneno yale kana kwamba yeye ndiye aliyeambiwa. Harufu ikakatika papo hapo. Kwenye skrini kilibaki kiti kitupu.

Fundi alipona. Alikula, akanenepa, akarudi mezani kwake, na saa zikaanza kutembea tena. Alimshukuru mkewe kwa kila sahani. Alijua kwamba ni mkewe, kama anavyojua namba ya nyumba yao. Daktari alifurahi, lakini alikifunga chumba kile kwa muda, na siku moja alimweleza mama kwa sauti ya chini kwamba alipoifungua ile picha ya kompyuta alikuta kiti tu. Mama hakushangaa. Nyumbani alikuwa ameshaitoa picha ya harusi ukutani. Fundi alionekana vizuri, kijana, suti imembana. Kando yake palikuwa na kijivu kitupu, kama kitambaa kilichofuliwa kupita kiasi.

Alasiri moja walikaa bila kazi. Fundi alitoa lenzi jichoni.

"Samahani, nikuulize," akasema kwa heshima. "Sisi tulikutana vipi?"

Mkewe akaanza kusimulia. Jinsi msichana mmoja alivyoleta saa ya baba yake kwa fundi mwanafunzi, akidai inasimama simama, kumbe ilikuwa nzima na yeye mwenyewe ndiye aliyeingiza pini ndani. Jinsi ilivyotengenezwa ikaharibika tena Jumatano, ikaharibika tena Ijumaa, mpaka yule kijana akamwambia amwachie pini, saa haina kosa.

Fundi alicheka pale palipochekesha. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu anayesimuliwa habari za majirani.

"Mtundu huyo binti," alisema. "Alikuwaje? Sura yake?"

Mkewe alifungua mdomo amwambie. Alitafuta pua, akatafuta macho, akatafuta namna midomo ile ilivyokaa ikicheka, na popote aliposhika palikuwa kijivu. Mumewe alimngojea, kwa macho yake mapole, avute pumzi aendelee.