Chanjo Si Ubatizo

Mimi ni Gervasi, fundi seremala wa kijiji cha Mugoma. Natengeneza vitanda, meza na milango. Lakini watu wakiniita kwa mbali, hawasemi "fundi kitanda." Wanasema "fundi fremu," halafu wanacheka. Leo nitawaeleza kwa nini.

Jirani yangu ni Desderius, katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango chetu, kanisa dogo la hapa kijijini. Ni mtu mwema, ila kwenye mabishano neno la mwisho lazima liwe lake. Anaishi na mke wake Francisca na mama yake mzazi, Bibi Marsiana. Bibi ana miaka sabini na minane. Ana kisukari, na masikio yake yanasikia kile anachopenda tu.

Mwaka 2021 chanjo ya korona ilifika zahanati. Watu wengi waliogopa. Desderius akavaa koti lake la Jumapili, akamshika mama yake mkono, akaja kunigongea mlango.

"Gervasi, twende. Nakwenda kuchanjwa."

"Mimi wa nini huko?"

"Utasimama nyuma yangu. Utakuwa msimamizi."

"Msimamizi wa sindano?"

"Jambo kubwa linataka shahidi. Vaa viatu."

Basi nikasimama nyuma yake, nikaweka mkono wangu begani pake, kama msimamizi anavyofanya kwenye kipaimara. Nesi Bonifasia alicheka mpaka ikabidi aweke sindano chini kwanza. Akawachanja wote wawili, mama na mwana. Akaandika dozi hiyo kwenye mstari wa kwanza wa kadi zao.

"Hii ni ya dozi moja tu, Katekista," akasema. "Umemaliza."

Neno hilo "umemaliza" ndilo lililotuponza.

Kesho yake Desderius alikuja na kadi yake.

"Nitengenezee fremu. Tumia mbao ya mninga. Weka kioo, piga misumari, isifunguke mpaka siku ya mwisho."

Nikapiga misumari minane. Kadi ikatundikwa ukutani, katikati ya picha ya Moyo Mtakatifu na cheti cha ndoa. Mgeni akiingia, kabla hajapewa kiti alionyeshwa kadi.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya ibada, Nesi Bonifasia aliomba nafasi ya tangazo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina!"

"Dozi ya nyongeza ya korona imefika. Waliochanjwa mwaka jana waje, hasa wazee na wenye kisukari au presha. Kinga ya mwanzo imeanza kupungua."

Desderius akasimama. Nikajua hapa leo tutachelewa kula.

"Nesi, nikuulize. Mtu akishabatizwa, anabatizwa tena?"

"Habatizwi tena."

"Kipaimara kinarudiwa?"

"Hakirudiwi."

"Ahaa! Mimi nimechanjwa, nina msimamizi, na kadi iko ukutani. Ulisema mwenyewe nimemaliza. Leo unaniambia nirudie?"

Kanisa zima likapiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu. Nilijiona kama ni mimi niliyesema. Bonifasia alijaribu kujibu, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kutokea.

Nyumbani Desderius alimwambia mama yake, "Mama, habari ya kurudia chanjo usiisikilize."

"Sawa, mwanangu," Bibi Marsiana akajibu, akaendelea kumenya ndizi.

Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Tangu nimfahamu yule mama, hajawahi kusema "sawa" upesi namna ile.

Alhamisi yake Bibi alijifunga kitenge kipya.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Parokiani, kuungama."

Desderius alifurahi mno. Akamlipia na bodaboda.

Miezi miwili ikapita. Desderius akaenda Kabanga, karibu na mpaka wa nchi, kwenye harusi. Watu walikuwa wengi, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka, wamejaa ukumbi mmoja wenye madirisha mawili. Aliimba na kwaya tangu mchana mpaka jioni. Siku ya nne baada ya kurudi, akaanza kukohoa.

"Ni vumbi la Kabanga," akasema.

Kesho yake mwili ukamuuma.

"Ni yale mabenchi ya ukumbini. Gervasi, wale mafundi wao hawajui kazi."

Nilikubali. Kumbe nilikuwa napenda sifa tu!

Siku iliyofuata Francisca alikwenda kisimani, akasahau maharage jikoni. Yakaungua mpaka chungu kikawa cheusi. Harufu ilinifikia mimi huku karakana. Nikakimbia nikidhani nyumba inaungua. Nikamkuta Desderius amekaa mlangoni, moshi unampita kichwani, anasoma kitabu chake.

"Mwalimu, husikii harufu?"

"Harufu ya nini? Namngoja Francisca apakue."

Francisca akafika mbio, akatua ndoo. "Baba, maharage yameungua, na wewe umekaa papo hapo!"

"Yameungua?" Akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena. "Mbona sisikii kitu?"

Hapo hata mimi sikucheka. Tulimpeleka zahanati.

Bonifasia alivaa barakoa, akatupa na sisi. Akampima malaria, hakuna. Kisha akamwingiza kijiti puani. Desderius alipiga chafya iliyotikisa makaratasi mezani. Tukasubiri.

"Katekista, una korona."

"Haiwezekani. Nimechanjwa. Muulize Gervasi."

"Mimi nilikuwa msimamizi," nikasema. "Nathibitisha."

"Gervasi, kaa chini," akasema Bonifasia.

Desderius alifungua mdomo abishe. Uso wake ukabadilika kabisa.

"Mama," akasema.

Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nimekula na Mama sahani moja tangu nirudi Kabanga. Nimekaa naye, nimekohoa mbele yake. Ana kisukari. Na ni mimi niliyemkataza kuja hapa." Machozi yakamtoka. "Nesi, kama nimemuua mama yangu kwa ubishi wangu, nitamwambia nini Mungu?"

Sijawahi kumwona Desderius akilia. Niliumia, maana makofi yale kanisani nilipiga na mimi.

"Nisikilize kwanza," Bonifasia akasema kwa upole. "Watoto uliowafundisha katekisimu mwaka jana, ukiwauliza maswali leo, wanakumbuka?"

"Wale? Nusu yao wamesahau."

"Na unawafanyaje?"

"Nawapa marudio."

"Basi chanjo si ubatizo, Katekista. Chanjo ni mafundisho. Inaufundisha mwili kumtambua mdudu wa korona na kupambana naye. Miezi inavyopita, mwili unasahau. Dozi ya nyongeza ni marudio."

Desderius alipangusa macho. Neno "marudio" lilimwingia. Lakini ubishi ni ubishi.

"Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa bure?"

"Hapana. Mwili unasahau mapema jinsi ya kumzuia mdudu asiingie. Jinsi ya kupigana naye ili usizidiwe, hiyo unaikumbuka kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana unakohoa, lakini unapumua vizuri na umefika hapa kwa miguu yako. Ila kwa mzee, na mwenye kisukari, hata kumbukumbu hiyo inapungua mapema kuliko kwako."

"Sasa inadumu muda gani hasa? Miezi sita? Mwaka?"

"Hakuna anayeweza kukutajia siku. Chanjo ni mpya. Gervasi, mtu akikuletea mbao ambayo hujawahi kuitumia, akakuuliza mlango utadumu miaka mingapi, utamwambiaje?"

"Nitamwambia tuufunge kwanza, kisha tuuangalie mwaka hadi mwaka."

"Na wataalamu ndivyo wanavyofanya. Wanawafuatilia waliochanjwa, wanapima kinga yao. Nilipokuambia umemaliza, ndivyo tulivyoelekezwa wakati ule. Tukajua zaidi, nikaja kuwaambia. Mkanipigia makofi ya kunifukuza."

Niliangalia viatu vyangu.

Bonifasia alichukua vifaa, tukaenda naye nyumbani. Desderius alitembea nyuma, mbali na sisi, barakoa imempanda hadi machoni. Bibi Marsiana alikuwa uani anaanika mtama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmejifunga midomo kama wezi?"

Alipimwa. Dakika zile za kungoja zilikuwa ndefu kuliko misa ya mkesha wa Pasaka. Desderius alisimama kule kwenye migomba, anasali kwa sauti.

"Hana," akasema Bonifasia.

"Asante Yesu!" Desderius akapiga magoti kwenye matope.

Bibi alimtazama mwanawe. "Inuka, unachafua suruali. Mimi nilichanjwa nyongeza."

"Lini?"

"Siku ile ya kuungama."

Desderius akamgeukia Bonifasia. "Ulijua? Umeniacha nilie pale?"

"Siri ya mgonjwa, Katekista. Wewe ungependa padre atangaze ya kwako?"

Desderius akamgeukia mama yake. "Mama, ulinidanganya!"

"Sikukudanganya. Nilitoka kuchanjwa, nikaenda parokiani, nikaungama kweli. Nilimwambia padre nimemficha mwanangu jambo kwa sababu ni mbishi. Lakini hakukasirika. Alinipa Salamu Maria moja tu."

Francisca alicheka mpaka akashika ukuta. Bonifasia hakutuacha tushangilie sana.

"Bibi ana kinga nzuri zaidi sasa, lakini nyongeza si ahadi kwamba hataambukizwa. Katekista utalala chumba chako, madirisha wazi, barakoa ukitoka, sahani yako peke yako. Bibi nitampima tena baada ya siku tatu. Akianza homa au kifua kubana, mleteni kwangu mara moja, hata kama ni usiku."

Walifuata yote. Bibi alipimwa tena, hana. Desderius alipona, akala maharage, akasema yana chumvi nyingi. Tukajua amepona kabisa.

Siku aliyopangiwa ya nyongeza ilipofika, nilisikia kelele kwake. Nikamkuta anavuta fremu kwa mikono.

"Kadi inatakiwa! Wewe fundi gani unapiga misumari minane?"

"Si ulisema isifunguke mpaka siku ya mwisho?"

Muda ulikuwa umekwisha. Akaibeba fremu nzima kifuani, tukapita nayo katikati ya gulio. Watu wakauliza ni nani amefariki. Kule zahanati nikachomoa misumari kwa koleo mmoja mmoja, foleni nzima ikinihesabia kwa sauti. Ndiyo siku niliyopata jina.

Desderius alikaa, akakunja mkono wa shati. Nikasogea nisimame nyuma yake. Bibi Marsiana akanisukuma pembeni kwa kiwiko. Akaweka mkono wake begani mwa mwanawe.

"Safari hii msimamizi ni mimi," akasema.

Jumapili Desderius alisimama mbele ya kanisa. "Ndugu zangu, niliwafundisha vibaya. Leo tunafanya marudio." Watu thelathini na wanne walikwenda zahanati wiki ile.

Kadi imerudi ukutani mahali pake, ndani ya fremu isiyo na kioo. Juzi nilimuuliza kama nirudishe kioo.

"Acha," akasema. "Bado ina mistari mitupu."