Sauti ya Verna Haijafa

Jumamosi ile gulio la vitu vikuukuu la Nashville lilifurika. Odessa Pruitt, gauni la njano na buti nyekundu za ngozi, alikumbatia boksi lenye kanda ya zamani mithili ya mtu aliyebeba mayai. Mara akamgonga kijana mrefu aliyeinamia redio mbovu.

"Taratibu, dada! Unakimbizwa?"

"Kwani njia umeinunua? Natafuta mashine ya kuchezea kanda hii."

Emmett Tackett akaitazama kanda, kisha akamtazama mwenye kanda. Kwa huyu wa pili alikawia kidogo.

"Hapa utauziwa takataka. Mimi fundi sauti, mashine hiyo tunayo studio. Nani anaimba?"

"Mama yangu, Verna. Sauti yake imebaki humu tu. Baba hajaisikia tangu tumzike."

Mapenzi yakaanza, wala hayakupiga hodi. Simu asubuhi, simu mchana, na kuku wa pilipili Ijumaa, Odessa akitokwa machozi na Emmett akimcheka. Siku ya kunakili kanda kwenye kinasa sauti kidogo cha dijitali cha Odessa, walizima spika. Odessa alitaka baba yake awe wa kwanza kusikia. Basi wakapiga soga, na fundi wetu akawa anamtazama yeye badala ya taa za kinasa zinazoonyesha nguvu ya sauti. Tumlaumu? Mimi nitamlaumu.

Jumapili baba yake Odessa, mzee Roy Pruitt, akakaa kitini, amenyoa, amevaa shati safi, na Odessa akawasha kinasa. Verna alipopandisha sauti, ikakwaruza na kupasuka kama bati linaloburutwa. Mzee akainuka, akatoka nje.

"Emmett, umeifanya nini kanda ya mama?" Odessa alifoka kwenye simu.

"Kanda huzeeka, mpenzi. Huenda imekufa."

"Imekufa? Unasema hivyo tu, kama vile ni betri? Usinipigie tena!"

Kesho yake Emmett, moyo mzito, akaicheza kanda yenyewe, iliyokuwa imebaki studio, kwenye spika. Verna akaimba, safi kama maji ya kisima. Emmett akashika kichwa. Mitambo ya studio husukuma sauti kwa nguvu, na kinasa cha nyumbani kimezoea sauti ndogo; alikuwa amefungulia bomba la zimamoto kwenye kikombe cha chai. Tena amelelewa na mashine za zamani, ambazo mshale wake wa kupimia sauti ukipita sifuri kidogo hakuna anayeshtuka. Kwenye dijitali sifuri ndiyo dari, na kinachozidi hapo hukatwa, sauti ikakwaruza.

Akapiga simu, ikakatwa. Akapiga tena, na tena.

"Nimekwambia usinipigie!"

"Utanitukana baadaye. Sikiliza kwanza." Akaisogeza simu kwenye spika.

Odessa akakaa chini palepale, katikati ya duka la viatu alikofanya kazi, wateja wakimshangaa. "Ni nzima?"

"Nzima kabisa. Kosa ni langu. Na nilivyosema imekufa, nilikuwa nakimbia lawama tu. Nisamehe, mpenzi."

"Mjinga wewe," Odessa alisema huku akilia na kucheka.

Jioni wakamleta mzee studio.

"Ndiye huyu aliyemkwaruza mke wangu?"

"Ndiye, baba," Odessa akajibu, mkono wake begani kwa Emmett.

Safari hii, akinakili upya, Emmett alishusha kiwango cha sauti, akaacha nafasi ya kutosha chini ya dari, na macho hayakubanduka kwenye taa.

"Leo hunitazami?" Odessa akamnong'oneza.

"Leo nakuogopa."

Wimbo ukaisha. Kanda ikaendelea kuzunguka, na Verna akacheka kutoka miaka mingi nyuma: "Roy, mbona unalia? Hebu zima hiyo mashine."

Emmett akanyoosha kidole kwenye kitufe. Mzee Roy akamdaka mkono.

"Niache, mwanangu. Kaniambia mimi." Machozi yakimtiririka, akazima mwenyewe. Kisha akavuta kiti karibu. "Sasa irudishe mwanzo. Na Jumapili utakuja kula kwetu."