Ngazi na Saini ya Baba

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa meno yangu yote sita yaliyobaki. Anayebisha aje tubishane. Mimi nimestaafu, nafasi ninayo tele.

Kila jioni, akishavua sare na kuosha vyombo, msichana mmoja wa darasa la sita alisimama nyuma ya karakana ya baba yake na kurusha mpira kwenye pete. Shuleni walimwita Ngazi, kwa urefu wake. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Pete ile aliikunja mwenyewe kwa nondo, akaiunga juu ya bomba, akaipaka rangi ya chungwa iliyobaki kwenye geti la mteja.

"Mia moja leo!" baba aliagiza, miwani yake myeusi ikiwa juu ya paji la uso. "Ukikosa moja, unaanza upya."

"Baba, mkono umekufa ganzi."

"Huu wangu umeungua mara ngapi, na bado uko hapa? Rusha, mwanangu. Wewe ndiye utakayetutoa kimasomaso."

Ngazi alimpenda baba yake. Shida ilikuwa sauti. Fundi yule alizoea kuzungumza huku mashine ikinguruma, kwa hiyo hata akinong'ona, nyumba ya tatu walijibu. Mwaka uliopita alikuja kutazama netiboli, akapiga kelele mpaka kunguru wote wakahama paa la shule na darasa la kwanza wakafunga mabegi wakidhani kengele imelia. Wiki nzima Ngazi hakupita dirishani pa darasa lolote bila kuigizwa: "Rusha, mwanangu, rushaaa!" Alitamani ardhi ipasuke.

Basi msimu mpya ulipoanza, mwalimu wa michezo, mama mfupi asiyevua filimbi shingoni hata akinywa chai, aligawa karatasi.

"Mwaka huu hachezi mtu ambaye mzazi wake hajasaini," alisema. "Ijumaa wazazi waje, tusome masharti pamoja. Mwenye udhuru atasoma nyumbani, asaini, mniletee."

Ngazi alisoma masharti njiani. Mzazi atakaa kwenye mabenchi, nyuma ya kamba. Hataelekeza mchezaji wala kumtukana mtu. Makofi ya kwanza wazazi watawapigia wageni. Na la mwisho, lililopigiwa mstari: mzazi akiingia uwanjani, timu ya mtoto wake imeshindwa siku hiyohiyo.

Mawazoni alimwona baba yake akisimama katikati ya mkutano huo, akimweleza mwalimu jinsi pete inavyotengenezwa, kwa sauti ile. Akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Baba yako atakuja Ijumaa?" aliuliza rafiki yake, mchezaji wa katikati, mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, ndiyo maana wakamwita Kibiriti.

"Hawezi. Amesafiri."

"Amesafiri lini? Asubuhi nimemwona amebeba geti."

"Amesafiri baada ya geti."

Jioni ile, meza ya jikoni ikiwa tupu, Ngazi alifungua nyuma ya daftari la hesabu. Saini ya baba aliijua vizuri: maduara matatu yaliyobanana kama springi, na mstari mrefu chini yake. Alijaribu mara tano. Mara ya sita akaandika kwenye karatasi yenyewe. Ilifanana mno, akalifunga daftari haraka.

Siku ya mchezo hakumwambia baba. Lakini mteja aliyekwenda kuchukua dirisha lake alimwambia fundi, "Mbona uko hapa? Si binti yako anacheza sasa hivi?" Fundi akazima mashine, akaja mbio na aproni yake ya ngozi kifuani.

Robo ya mwisho ilikuwa imeanza. Wenyeji walikuwa na magoli kumi na mawili, wageni kumi na moja. Wazazi wote walikaa mabenchini wametulia. Walipomwona fundi akipita chini ya kamba, walimpungia mkono arudi. Yeye akadhani wanamsalimia, akawapungia na yeye, akaenda kusimama kando ya nguzo ya goli.

"Ngazi! Niko hapa, mwanangu!"

Ngazi alihisi masikio yanawaka moto. Kibiriti akamwangalia. "Safari yake ilikuwa fupi," alisema.

Aliyemlinda Ngazi alikuwa msichana wa wageni, mdogo kuliko wote uwanjani, aliyerukaruka mbele yake bila kuchoka.

"Huyo kibonge mfupi hakufikii hata kwa stuli!" baba alipaza sauti. "Rusha!"

Yule msichana akaacha kuruka. Midomo ikaanza kumtetemeka, akajipangusa macho kwa kiwiko. Ngazi alitaka kumwambia pole, lakini mpira ulikuwa umeshafika mikononi mwake. Akababaika, akaburuta mguu, akaongeza hatua. Refa akapuliza filimbi na kuwapa wageni mpira.

"Hatua gani?" Fundi alikuwa ameshavuka mstari. "Refa, hayo ni macho au vifungo vya shati?" Akauchukua mpira mikononi mwa msichana wa wageni, akampa Ngazi. "Tupa tena, mama. Tupa, mimi nipo."

Hakuna aliyesogea. Ngazi aliushika mpira ule kama mtu aliyekabidhiwa kaa la moto. Refa alipuliza filimbi mara tatu, akainua mkono kuelekea kwa wageni. Mchezo umekwisha. Kibiriti akakaa palepale katikati ya uwanja, akavuta kizibao chake na kujifunika uso.

Ofisini kulikuwa na viti viwili. Baba hakukaa, aliogopa aproni isije ikachafua kitambaa cha kiti. Mwalimu alitoa karatasi kwenye faili na kuiweka mezani.

"Fundi, ungekuwa hujui, ningenyamaza. Lakini umesoma. Umesaini. Wenzako wote wamelishika neno lao. Imekuwaje wewe?"

Baba aliinama. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari, mpaka kikafika kwenye ile springi. Pale kikasimama. Ngazi alitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Alisubiri sauti ile, kubwa kuliko zote, iseme: Hii si yangu.

"Ndiyo, mwalimu," baba alisema kwa sauti ambayo Ngazi hakuwahi kuisikia, ndogo kabisa. "Ni yangu. Nimekosa. Nisamehe."

"Basi mpaka mwisho wa msimu hutakanyaga uwanjani kwetu. Naona aibu kukuambia hivyo mbele ya mtoto."

"Ni haki."

Walitembea hadi nyumbani. Mlangoni pa karakana baba aliuliza, bila kugeuka, "Ule mkutano ulikuwa lini?"

"Ijumaa iliyopita."

"Nilikuwepo Ijumaa. Nilikuwa nakukazia pete." Alichukua brashi ya waya, akairudisha. "Kumbe unanionea aibu."

Ngazi alitaka kusema hapana. Baba akashusha miwani myeusi machoni, ingawa mashine ilikuwa haijawashwa.

Siku zote Ngazi alidhani hakuna aibu inayozidi kuigizwa dirishani. Sasa aliona ile ilikuwa kama kukanyagwa kidole. Hii ilikaa kifuani. Chakula alikisukuma kando, na hata mama yake alipomuuliza kama ana homa, alishindwa kumtazama.

Asubuhi, kabla ya kengele, alikwenda uwanjani ambako timu ilikuwa ikinyoosha viungo.

"Mwalimu, shikamoo. Nina neno, na naomba wote wasikie."

"Marahaba. Sema."

"Saini ile nimeiandika mimi. Baba hakuwahi kuiona karatasi. Nilimficha mkutano ili asije. Jana amesema uongo kunifichia mimi." Machozi yalimtoka. "Nimewapotezea mchezo, si yeye."

"Na mimi ukaniambia amesafiri!" Kibiriti alifoka. "Nimelia usiku kucha, macho yamevimba kama maandazi!"

"Nisamehe."

"Nitafikiria. Wiki ijayo."

Mwalimu aliizungusha filimbi yake. Kisha akamwambia Ngazi amlete baba yake saa kumi. Fundi alikuja amenawa hadi viwikoni. Alipoambiwa kilichosemwa, alimtazama binti yake, akakuna kichwa.

"Mwalimu, mimi pia nimedanganya," alisema. "Na kelele zile zilikuwa zangu, hakunifundisha mtu. Yule mtoto wa wageni nimemliza. Kesho nitakwenda shuleni kwao kumwomba radhi. Wewe mwanangu utanisindikiza."

"Ndiyo, baba."

"Na siku nyingine ukiona nakuaibisha, niambie nyumbani. Nitanuna siku mbili. Siku ya tatu nitasikia."

Mwalimu alimpa karatasi mpya. Safari hii waliisoma pamoja, kwa sauti, sharti kwa sharti, na fundi akasaini mbele yao. Ngazi alipewa adhabu ya kukaa nje michezo miwili, akiwabebea wenzake maji. Fundi aliruhusiwa kurudi, mradi akae benchi la mwisho.

"Sikilizeni, nyote," mwalimu alisema. "Mchezaji hatakiwi kurusha vizuri tu. Anatakiwa aseme kweli hata kweli hiyo ikimvua nguo. Na mzazi hatakiwi kutuchezea mchezo. Anatakiwa mtoto akigeuka, amwone amekaa pale, ametulia, anafurahi. Ngazi, ulidhani ukimficha baba yako utaiepuka aibu. Ungemweleza tu, angebaki na hasira kidogo, na timu ingebaki na ushindi wake."

Ngazi alirudi uwanjani mchezo wa tatu. Siku hiyo wenyeji walishinda magoli thelathini kwa mawili, na Ngazi peke yake alifunga ishirini na tisa, moja akiwa amefumba macho, na wageni wakaomba wamchukue awe…

Subirini kidogo. Mhusika mwenyewe amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Babu! Thelathini kwa mawili?"

"Ni kupamba tu, mjukuu wangu. Wasomaji wanapenda ushindi."

"Tulifungwa. Kumi na nne kwa tisa. Na mimi nilikosa magoli matano. Andika."

"Si wewe ndiye uliyeambiwa na mwalimu useme kweli? Mimi sikuwepo siku hiyo…"

"Andika, babu!"

Haya, naandika. Walifungwa kumi na nne kwa tisa. Kila Ngazi alipokosa, aligeuka kuangalia benchi la mwisho, na kila alipogeuka baba yake alikuwa amekaa pale, mikono imebanwa katikati ya magoti, kimya. Mwisho fundi alisimama na wenzake, akawapigia wageni makofi, halafu akaja nyuma ya kamba kumpokea binti yake chupa ya maji. Hakusema kitu. Ngazi alimshika mkono mbele ya shule nzima, wakaondoka hivyohivyo.

Na kwa yale magoli niliyoongeza nimehukumiwa kujaza upepo mipira yote ya timu Jumamosi, kwa pampu ya mkono. Mipira kumi na mmoja. Nilipojaribu kusema ni minane, hakimu wangu alikwenda kuileta, akaihesabu mbele yangu.