Kibodi ya Ghalani

Rafiki yangu mmoja hutunza maktaba ya kompaila, si ya vitabu bali ya misimbo ya kompyuta, ile sehemu inayosaidia programu kusoma kibodi. Ni mbishi wa kubishana na kivuli chake. Mzee mmoja mtunza ghala alimwandikia mara tatu kwamba kompyuta yake inasoma herufi ambazo yeye hakuandika, na mara tatu akajibiwa, "Kwangu haitokei."

Mwishowe rafiki yangu akaenda ghalani mwenyewe, adhuhuri, shingo upande. Chumba cha kompyuta hakikuwa na dirisha, na balbu ilikuwa imeungua.

"Nitaandika kwenye ripoti kwamba herufi zinajitokeza zenyewe," rafiki yangu alisema.

"Usiandike hivyo, mwanangu," mzee akamwambia. "Hazijitokezi. Zinabonyezwa."

"Na nani, mzee wangu?"

Mzee alitoka, akaurudishia mlango.

Ili kumaliza ubishi, rafiki yangu alichomoa waya wa kibodi, akaipakata, akangoja. Kioo kilibaki kitupu. Akatabasamu, akazima kompyuta. Feni ikanyamaza, giza likatanda.

Ndipo aliposikia ta, ta, ta, taratibu, kama mtu anayetafuta herufi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kingo za kibodi. Vitufe vilididimia kimoja kimoja, na uzito wa kila kidole aliuhisi mapajani.