Mzee Hatakeyama Avua Misumari

Siku hizo, kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, mke aliyajua magurudumu ya mumewe kwa mlio. Matairi ya baridi yalipigiliwa misumari midogo ya chuma ili yaume barafu. Yakipita kwenye lami tupu yalilia chakachaka, chakachaka. Fumie aliusikia mlio huo lori likiwa bado mtaa wa tatu, akabandika supu jikoni. Mumewe, mzee Hatakeyama, alipovua viatu mlangoni, supu ilikuwa inatoa mvuke. Ukiyakumbuka maisha yale leo, moyo unalainika.

Lakini lile vumbi! Kila Machi theluji ilianza kuyeyuka, lami ikajitokeza, na misumari ikaikwangua. Theluji iliyobaki iligeuka nyeusi kama masizi. Nguo zilianikwa ndani. Fumie alikohoa mpaka mbavu zikamuuma.

"Mama, hili ni vumbi la barabara," daktari alimwambia. "Linatokana na misumari ya magari."

Fumie alirudi nyumbani, akanyamaza. Mumewe alipeleka mafuta ya taa nyumba kwa nyumba kwa lori dogo, hata kule juu kwenye mteremko wa hekalu. Misumari ndiyo iliyomrudisha salama miaka ishirini. Angemwambiaje aivue?

Mwaka 1990 sheria ikaja yenyewe: misumari basi. Mzee alinuna wiki nzima.

"Wanataka nitembee na kandambili kwenye barafu!"

Akanunua matairi mapya laini, mawili tu, akayafunga nyuma.

"Ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari," alimwambia Fumie. "Ya mbele yanafuata tu."

Mbele akaacha yale ya kiangazi.

Theluji ilipoanguka, siku ya tatu tu, alikata kona chini ya hekalu. Usukani ulikata, lori halikukata. Lilikwenda moja kwa moja, likajichomeka kwenye tuta la theluji. Hakuumia, lakini aliingia nyumbani amepauka.

"Naacha kazi, Mama Noriko. Nikiendelea, utanizika."

Fumie aliogopa kweli. Bila ile kazi wangekula nini? Na akiendelea nayo, je? Alivaa viatu, akaenda kugonga kwa jirani yao, Yasuko Honma, mwalimu wa udereva.

Yasuko alilizunguka lori, akacheka.

"Mzee wangu, umevaa viatu nusu."

"We binti! Nimeanza kuendesha ukiwa bado mgongoni kwa mama yako."

"Ndiyo maana nashangaa. Ya nyuma yanasukuma, sawa. Yanayokata kona ni yapi?"

"Ya mbele."

"Ukifunga breki, uzito unaenda wapi?"

"Mbele," alinung'unika mzee.

"Na mbele una mpira wa kiangazi. Ukipigwa na baridi unakuwa mgumu kama ubao. Funga yote manne, ya aina moja."

Alimbonyezesha tairi jipya. Mpira ulikuwa laini, umechanjwa mikato midogo tele.

"Mikato hii inafuta maji juu ya barafu, ndipo mpira unashika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa utakwenda vizuri tu. Ila kwenye taa za kuongozea magari, magari yakisimama na kuondoka yanasugua barafu mpaka inakuwa kioo. Hapo misumari ilikuwa bingwa, sikudanganyi. Sasa anza kupunguza mwendo mapema."

"Na mteremko wa hekalu?"

"Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Breki iguse kama unagusa yai. Halafu siku za kwanza nenda polepole. Tairi jipya lina ngozi ya utelezi, mpaka iishe."

Mzee alipofunga yote manne, walikwenda kwenye uwanja mtupu kando ya mto. Mara ya kwanza mzee alikanyaga breki kama zamani, lori likazunguka. Fumie, aliyesimama pembeni, akafumba macho. Mara ya tano liliteleza kidogo. Mara ya kumi lilisimama pale pale alipotaka.

"Linatii," alisema mzee, utadhani amesikitika.

Msimu ule hakuna nyumba iliyokosa mafuta. Supu tu ndiyo iliyochelewa, maana lori sasa lilikuja kimya. Fumie aliukumbuka mlio ule, wala hakuona haya kusema.

Machi ikafika. Mji mzima ulikuwa umevua misumari. Siku moja mzee alimkuta Fumie anaanika mashuka uani. Chini ya kamba theluji ilikuwa nyeupe. Alisimama akimtazama.

"Mama Noriko, mwaka huu hujakohoa."

"Sijakohoa."

"Umepata dawa gani?"

Fumie akamweleza maneno ya daktari. Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango, kofia mkononi.

"Kumbe ulijua siku zote? Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie uvue misumari, halafu usirudi? Kukohoa niliweza, Baba Noriko. Kukungoja usitokee nisingeweza."

Mzee aliiweka kofia kwenye ngazi. Aliinuka, akatoa shuka jingine kwenye beseni. Akashika ncha moja, Fumie akashika nyingine, wakalikamua pamoja.