Poda Ndani ya Tairi

Wauza vitunguu wa soko la Singida mjini walikuwa wakimcheka Ignas waziwazi, na kwa kweli alichekesha. Bukta nyeusi ya kubana, fulana ya njano iliyowaka kama mafuta ya alizeti juani, na baiskeli begani, matairi yote mawili yamelala.

"Leo baiskeli imekupanda wewe!" mmoja alimpigia kelele.

Alipogeuka kumtafuta aliyesema, pedeli ikanasa kikapu cha msichana aliyekuwa akipita. Nyanya zikatawanyika chini.

"Kaka, huna macho?"

"Samahani sana, dada yangu. Miiba imenimaliza."

Msichana huyo, Evodia, alivaa sketi ya kitenge cha bluu na fulana nyeupe yenye doa la grisi tumboni. Alikuwa na hasira, lakini jicho lake lilifika kwenye matairi kabla ya kufika usoni kwa mkosaji, na hasira ikapungua. Baba yake, Mzee Melkiori, alikuwa na duka la spea za baiskeli mtaa wa Utemini, na tangu mzee apooze mkono, Evodia ndiye aliyeliendesha.

"Haya ni matairi ya lami," alisema. "Nani alikudanganya uyalete huku kwetu?"

"Yalikuja na baiskeli, ni ya mtumba. Lakini yenyewe ni ya changarawe. Ona, usukani ni wa resi ila nafasi ya tairi pana ipo."

"Nafasi ipo, wa kuitumia ndiye hayupo. Okota nyanya, unifuate."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na kwa muda mrefu hayakuwa na maneno mengine zaidi ya spea. Ignas alikuwa kijana wa Iguguno, mtoto wa mkulima wa alizeti, na alikuwa na ndoto moja tu. Mwaka ule kulikuwa na mashindano ya barabara za vumbi, kutoka mjini hadi Misigiri, na timu moja ya Arusha ingemchukua mshindi. Kila wiki alikuja Utemini. Wakabadilisha gia ya mbele wakaweka ndogo, kwa ajili ya vilima. Wakaweka breki za diski. Akirudi Iguguno, alipiga simu.

"Mpenzi, cheni inalia."

"Inalia kwa sababu hujaipaka mafuta tangu Jumapili. Na mimi nalia kwa sababu hujanipigia tangu Jumapili. Unaanza na nani?"

"Naanza na wewe, malkia wangu."

"Muongo! Nasikia unaizungusha hapo hapo."

Kwenye matairi ndipo walipogombana hasa. Ignas alitaka membamba, mepesi. Evodia alimwambia mchanga ungeyameza. Mwishowe wakakubaliana upana wa kati, katikati laini, pembeni kashata za kushika mchanga. Kisha Evodia akafanya kama walivyozoea kufanya pale dukani: akachana tyubu kuukuu, akakata kanda mbili ndefu, akazitandika ndani ya matairi ili mwiba usipenye. Akazipaka poda ya mtoto ili zisisugue tyubu mpya.

"Zitaongeza uzito," Ignas alilalamika.

"Kidogo. Lakini utafika." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Ila ukishinda utaniacha. Bora upate pancha huko Misigiri, ubaki na mimi."

"Unaniombea mabaya?"

"Nakuombea ubaki."

Wakacheka wote wawili. Ulikuwa utani, lakini nusu yake ilikuwa kweli, na Ignas aliisikia ile nusu.

Siku ya mashindano aliongoza tangu asubuhi. Misigiri ikiwa inaonekana mbele, tairi la nyuma likazomea, likalala. Akaruka chini, akalifungua haraka ili abadilishe tyubu, akapitisha mkono ndani. Ukanda haukuwepo. Akafungua la mbele, nalo hivyo hivyo. Wenzake walimpita mmoja mmoja huku amepiga magoti vumbini, anakumbuka maneno ya Evodia.

Alifika Utemini kesho yake, duka limejaa wateja, na hakusubiri hata salamu.

"Ulizitoa kanda!"

"Nimezitoa mimi?"

"Ulisema mwenyewe unataka nipate pancha. Hongera, nimepata."

Mjinga sana. Angemuuliza tu, angejibiwa. Na Evodia, ambaye kwa neno moja angejitetea, alikaza shingo kwa kiburi cha mtu aliyeonewa mbele za watu. "Kama ndivyo unavyonijua, toka dukani kwangu," alisema. Ignas akatoka. Alipokwenda kulala, Evodia alilia mpaka mto ukalowa, halafu akaifuta namba ile ambayo aliijua kwa kichwa.

Jibu lilikuja kwa gunia la vitunguu. Ignas alikuwa Iguguno, anamsaidia rafiki yake Kefa kupakia mzigo kwenye baiskeli, na Kefa akatoa mipira miwili mirefu ya kufungia. Ignas aliposhika mmoja, mkono wake ukawa mweupe. Akaunusa. Poda ya mtoto.

"Umeitoa wapi hii?"

Kefa akatazama chini. "Kwenye matairi yako. Jioni ile kabla ya mashindano, ulipokwenda kanisani. Ulikuwa unalalamika uzito, ndugu yangu, nikasema nikusaidie. Halafu ulipopata pancha nikaogopa kusema."

Ignas hakumpiga, ingawa alitaka. Alipanda baiskeli mpaka Utemini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Melkiori alijibu, akamtazama, kisha akajitoa nje taratibu.

Ignas aliweka zile kanda mezani. "Ni Kefa. Nisamehe, Evo. Nilikuonea."

"Ulinisingizia mbele ya watu."

"Nilikusingizia. Nilikosea. Nipige hata kofi."

Hakumpiga. Alizichukua zile kanda, akazinyoosha, na machozi yakamdondokea juu ya poda. "Wale wa Arusha wanarudi lini?" aliuliza.

"Mwezi ujao. Wanachagua tena."

"Lete baiskeli."

Usiku wa kuamkia mashindano hayo ya pili, Mzee Melkiori alimkuta mwanawe akikaza spoku. Angeweza kulegeza moja tu, na Ignas angebaki.

"Unajua unachokifanya, mwanangu?"

"Najua, baba," alisema, akaikaza sawasawa.

Ignas alishinda. Wiki iliyofuata, stendi, akiwa na shati jipya jeupe, alimshika Evodia mikono yote miwili.

"Nina neno la kukuuliza."

"Uliza sasa."

"Nikirudi Krismasi. Nikiwa na kitu cha kukuonyesha."

"Mimi sihitaji kuonyeshwa kitu, Ignas. Uliza."

"Krismasi, mpenzi," alisema, na basi likaondoka.

Mwanzoni alipiga simu kila jioni, na maswali tele. Mvua imenyesha, nijaze upepo kiasi gani? Tope linashika cheni, nifanyeje? Evodia alijibu yote kwa subira, kila mara akidhani baada ya hilo litafuata lile neno. Krismasi ikaja, timu ikawa Rwanda. Pasaka ikaja, Ignas akatuma picha. Simu zikawa za wiki, kisha za mwezi.

"Mambo, mama spea?" aliita jioni moja.

"Poa. Unatumia tairi gani siku hizi?" Ilibidi Evodia ndiye aulize, kwa sababu Ignas hakuuliza tena.

"Hata sijui! Kuna fundi wa timu. Anachagua yeye kila kitu, mimi napanda tu."

Evodia aliweka spana chini. "Basi usinipigie tena mambo ya baiskeli."

"Sasa nitakupigia kuuliza nini?"

Evodia alimpa nafasi ya kutosha akumbuke alichoahidi pale stendi. Upande wa pili watu walikuwa wakicheka, na mmoja akamwita Ignas aende kula.

"Nenda ukale," alisema, akakata simu.

"Nani huyo?" Mzee Melkiori aliuliza kutoka mlangoni.

Evodia alichukua kopo la poda. Kulikuwa na tairi la mtu linasubiri.

"Mteja, baba," alisema, akalia.